Vipimo vilivyo nyuma ya daftari langu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri vidole vyangu bado vimekakamaa kwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe; hata mfuniko wa kikopo siwezi kuufungua. Naviloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka vilegee, ndipo nakinga mkojo wa kwanza nilioagizwa na maabara. Nabonyeza muundi kwa kidole gumba. Hakubaki shimo. Leo miguu haijavimba.

Saa moja, uji na dawa. Haidroksiklorokwini, dawa yangu ya lupasi, hupimwa kwa uzito wa mtu, isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku. Ikitumiwa miaka mingi inaweza kudhuru macho, kwa hiyo mimi hukaguliwa kila mwaka. Lakini kuimeza, siruki hata siku moja.

Saa mbili niko maabara. Presha, damu, halafu lile linalonipa wasiwasi. Mhudumu anachovya kijiti kwenye mkojo nami nakikazia macho kile kisanduku cha protini. Kikibaki manjano, afadhali. Kikigeuka kijani, figo zinavujisha protini. Miaka mitatu iliyopita kiligeuka kijani wiki ileile niliyocheza harusini hadi usiku wa manane. Sikuumwa popote! Na kabla ya hapo kliniki moja ilikuwa imenitibu malaria mara tatu, kwa homa na maumivu ya viungo, kumbe ni lupasi. Ndugu zangu wenye lupasi, figo huharibika kimyakimya. Pimeni hata mkijihisi wazima.

Leo ni manjano.

Saa nne nafungua kibanda changu cha ushonaji, sokoni Kibuye. Cherehani nimeihamishia ndani, mbali na mlango, maana jua huuamsha ugonjwa huu.

"Fundi, mikono mirefu na joto hili lote?" mteja ananiuliza.

Namweleza, kama ninavyowaeleza wote. Nashona sare za shule mpaka saa nane, kisha najilaza kwenye mkeka saa nzima. Uchovu wa lupasi hauondoki kwa kujikaza.

Saa kumi daktari anapiga simu. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, haijapanda; prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ishuke kutoka miligramu 7.5 hadi 5. "Hivyo hivyo polepole, mama. Usiikate ghafla."

Saa kumi na mbili, kabla ya kufunga, natoa daftari la wateja. Mbele mna mabega na viuno vya watu, kurasa za nyuma ni zangu. Naandika tarehe, presha 118/76, protini hakuna. Kule juu, mstari wa kwanza kabisa, bado pana kalamu nyekundu: protini +++.