Binti za Selofehadi walirudi mara ya pili

Somo la wiki: Hesabu 27:1-11 na Yoshua 17:3-6

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Biblia imewataja hawa dada watano kwa majina, si mara moja tu, jambo ambalo wanaume wengi wa jangwani hawakulipata. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na kwa desturi ya siku zile nchi ingegawanywa kana kwamba nyumba yake haikuwahi kuwepo. Wakaenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote. Angalieni walivyojieleza. Walisema baba yao alifia wapi. Wakaondoa shaka kwamba huenda alikuwa katika uasi wa Kora. Wakaonyesha hasara, yaani jina la baba kufutika katika ukoo. Ndipo wakaomba: tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu. Walikuja wamejiandaa, na hawakumtuma mjomba awasemee. Musa naye hakuwajibu kwa mazoea. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akawapa haki.

Wengi tunaishia hapo tunaposoma. Lakini fungueni Yoshua 17. Musa ameshakufa, nchi inagawanywa, na wanawake wale wale wanalazimika kwenda tena, safari hii kwa Eleazari na Yoshua, kuwakumbusha: Bwana alimwamuru Musa atupe urithi. Ndipo wakapewa. Haki ilikuwa imetamkwa zamani, lakini shamba lilipatikana baada ya safari ya pili. Wajane wengi wa Siaya, Nyando, Vihiga na Kakamega huishia safari ya kwanza, na ni hapo ambapo sadaka ya kanisa inahitajika zaidi.

Kwa upande wa sheria, neno limeshasemwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inayotumika tangu 1981, inampa mke au mume aliyebaki nafasi ya kwanza ya kuomba kusimamia mirathi, na huku kwetu haimtengi binti, awe ameolewa au hajaolewa. Mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji, yaani aliyekataa tero, hapotezi haki yake hata chembe.

Kuna watu walioliona jambo hili mapema kuliko wengi wetu. Huko Shibuye, Kakamega, wanawake waliojitolea kuwatunza wagonjwa wa UKIMWI nyumbani waliona jinsi wajane na mayatima walivyokuwa wakinyang'anywa mashamba. Wakaanza kulinda haki za jirani zao, wakishirikiana na GROOTS Kenya, mtandao wa vikundi vya wanawake wa mashinani, wakiwahusisha machifu na wazee wa vijiji. Huduma ya kikristo inayotaka kusaidia haki za wanawake na watoto ianzie kwa watu wa namna hiyo, ambao tayari wamesimama mlangoni. Kazi yetu ni ya Musa: kulichukua neno lao na kulifikisha. Tukianzisha mradi wetu wenyewe wenye jina la kanisa mbele, tunawaondoa mlangoni na kusimama sisi.

Sasa tuseme kwa undani safari yenyewe, maana mwombezi asiyeijua njia hujikuta akiombea kitu asichokijua.

Inaanza na cheti cha kifo, ambacho hutolewa na ofisi ya usajili wa raia. Kibali cha mazishi peke yake hakitoshi. Kisha ifanyike sachi, yaani kuangalia kumbukumbu za shamba katika masijala ya ardhi, ili ijulikane shamba limeandikwa kwa jina la nani. Hapa wengi hushtuka, kwa sababu shamba bado lina jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita. Ikiwa hivyo, mirathi ya babu ndiyo hutangulia, na wote wenye haki humo lazima watajwe. Familia iambiwe mapema, la sivyo mjane atalipia kesi isiyoweza kufika mwisho.

Halafu barua ya chifu. Barua hii fupi ndiyo inayoharibu kesi nyingi kuliko kitu kingine. Inatakiwa kutaja warithi wote: wake wote wa marehemu, watoto wote wa kiume na wa kike, walioolewa na walio mbali. Mara nyingi mabinti huachwa, au mke wa pili, au mtoto aliyezaliwa nje. Kila aliyeachwa anaweza kurudi baadaye kuomba mahakama iifute hati ya usimamizi, yaani idhini ya korti ya kusimamia mali ya marehemu, na miaka yote ikapotea. Mjane asiende peke yake kwa chifu. Aende na mama wawili watatu wa kikundi, mzee wa kijiji au liguru anayeijua nyumba ile, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na ushahidi wa ndoa. Asiye na cheti cha ndoa asikate tamaa, kwa kuwa ndoa ya kimila inatambuliwa na sheria. Walioshuhudia mahari ikipelekwa wanaweza kuapa hivyo. Kabla ya kuondoka, barua isomwe kwa sauti pale pale ofisini, jina kwa jina.

Ombi lenyewe hupelekwa kortini. Mirathi isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kusikilizwa na hakimu mkuu, kwa hiyo si lazima kwenda Mahakama Kuu. Ofisi ya Kisumu ya FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, huwasaidia wanawake wasio na uwezo wa kuajiri wakili. Kama kuna watoto walio chini ya miaka 18, wasimamizi lazima wawe angalau wawili, kwa sababu mali ya mtoto inashikiliwa kwa niaba yake. Tuwe macho sana hapa. Ndugu za marehemu husema, "Basi shemeji awe wa pili," na mara nyingi ni shemeji huyo huyo aliyekwisha kung'oa mkonge wa mpaka. Mwana aliyefikisha miaka 18, au mtu mwingine mwaminifu asiyelidai shamba, anafaa zaidi.

Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo hutoka kila Ijumaa, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Tangazo hili laweza pia kutumiwa vibaya: mtu akifungua kesi kwa siri, mjane hataijua asipoliangalia gazeti. Kijana mmoja mwenye simu katika kila jumuiya apewe kazi ya kulipitia kila wiki na kutafuta majina ya marehemu wa kata yenu. Hii ni huduma kamili, sawa na kuimba kwaya. Na kama kuna hofu kwamba shamba litauzwa, mjane aombe zuio katika masijala ya ardhi, lile ambalo wenyewe huliita kosheni.

Baadaye hutoka hati ya usimamizi. Akina mama hushangilia, hushona sare, hutoa shukrani madhabahuni, na wengi hawarudi tena kortini. Wapendwa, hapa ndipo Hesabu 27 inapokomea! Hati hiyo haijampa mtu shamba. Inapotimia miezi 6, lazima aombe ithibitishwe, na cheti cha uthibitisho ndicho kinachoonyesha nani anapata kipande kipi. Kabla ya hapo hakuna ruhusa ya kugawa wala kuuza ardhi. Baada yake kuna mpimaji, kuna fomu za masijala, ndipo hatimiliki mpya. Mtu anayeingilia mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 45, na anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Chifu akumbushwe hilo kwa heshima.

Wazee wakiwapatanisha wanafamilia, tumshukuru Mungu, kwani kupatana huko ni kwa haraka na hakuachi uadui. Ila makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi na wote, yapelekwe kortini. Makubaliano ya mdomo hufa na wazee waliokuwepo.

Fedha za huduma basi ziende wapi? Nauli ya mjane na ya mama mmoja wa kumsindikiza. Ada za korti na nakala, zilipwe moja kwa moja na risiti itunzwe kwenye faili yake. Mpimaji, kwa kuwa gharama yake huja mwishoni, wakati kila mtu amechoka kuchanga; fungu lake litengwe tangu mwanzo. Na kanisa lisikubali kamwe kuhifadhi hatimiliki halisi ofisini, wala kupokea kipande cha shamba kama shukrani. Bwana Yesu alisema makali juu ya viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane (Marko 12:40), na walikuwa watu wa sala ndefu. Picha za mjane na watoto wake zisitumwe kwa wafadhili kuonyesha umaskini wao.

Jambo moja ambalo halihusu ardhi lakini huletwa kwenye vikundi hivi hivi: mtoto akinajisiwa, hakuna kikao cha wazee wala cha kanisa cha kupatanisha. Hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa za kuzuia HIV hazifai baada ya hapo. Asiogeshwe kabla ya kuonwa. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Hospitali ijaze fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya kunajisiwa, na polisi watoe P3, fomu ambayo daktari huandika humo majeraha. Msaada kwa mtoto unapatikana bure kwa simu namba 116.

Jumuiya zinapokutana wiki hii, someni sura zote mbili kwa sauti, kisha mtaje wajane wenu kwa majina kama Biblia ilivyowataja wale watano. Kwa kila mmoja ulizeni: cheti cha kifo kipo? Shamba lina jina la nani? Na kama alishapata hati ya usimamizi, ilitolewa tarehe gani? Ambaye miezi 6 yake imekwisha ndiye aombewe kwanza, na nauli yake ichangwe kabla ya kufunga kwa sala.