Nilivyochagua prosesa na vipuri vya kompyuta yangu mpya ya gemu

Nilipoanza kutangaza kwamba naunda kompyuta mpya ya gemu, kila niliyemwuliza alinijibu kwa jina la prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta. Huyu kampuni ya Intel, yule AMD, mwingine akasema chukua yenye kori (vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) nyingi kuliko zote, umalize kazi. Swali la unacheza nini halikutoka kwa yeyote. Mimi nacheza Microsoft Flight Simulator, gemu ya kurusha ndege, kuliko gemu nyingine yoyote, na ndiyo iliyoamua karibu kila kipuri kilichomo ndani ya kasha langu leo.

Kabla ya kununua chochote niliipima ile kompyuta ya zamani. Kipimo chenyewe hakihitaji kifaa wala ufundi. Unarusha ndege juu ya mji mkubwa, mahali ambapo gemu hulemewa, unasoma idadi ya fremu (picha zinazochorwa) kwa sekunde, kisha unashusha rezolusheni, yaani idadi ya nukta za skrini, kutoka 2560 kwa 1440 hadi 1920 kwa 1080 bila kugusa mpangilio mwingine wowote. Kule juu kuna pikseli karibu milioni 3.7, huku chini karibu milioni 2.1, kwa hiyo kadi ya grafiki umeipunguzia zaidi ya asilimia 40 ya mzigo wa kuchora. Kama ndiyo iliyokuwa imeelemewa, fremu zitapanda papo hapo. Zangu hazikusogea. Nikawasha ile hali ya wasanidi iliyomo ndani ya gemu, ambayo huonyesha kisanduku kidogo chenye kutaja kinachoizuia, nacho kikataja uzi mkuu, yaani mfululizo mkuu wa kazi ambazo prosesa huzifanya moja baada ya nyingine. Prosesa, basi, si kadi.

Ukitazama kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha matumizi ya prosesa, hutaliona jambo hili kwa urahisi. Gemu za namna hii hubebesha kazi nyingi uzi mmoja: mwendo wa ndege, hali ya hewa, magari ya uwanjani, ndege nyingine angani, vyote vinasubiri zamu hapo. Kwenye prosesa ya kori 6 inayoendesha nyuzi 12 kwa pamoja, uzi mmoja ukijaa pomoni jumla inasoma asilimia 8 tu na ushee. Mtu anaona namba ndogo, anasema prosesa imepumzika, anakwenda kununua kadi kubwa ya grafiki. Fungua mwonekano wa kila uzi peke yake, ndipo utaona ule mmoja uliogonga dari.

Kuanzia hapo hesabu ya kori ilipungua uzito machoni pangu. Nilichokitafuta ni uzi mmoja wenye kasi, na usiokaa ukisubiri data. Subira hiyo ndiyo kiini cha mambo. Prosesa ikikosa data kwenye kache yake, kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya chipu, inaifuata kwenye RAM, kumbukumbu kubwa iliyo nje, na safari ya RAM huchukua muda mrefu mara kadhaa kuliko kuichota kwenye kache. Ni kama fundi wa paa: mwenye misumari mfukoni anapigilia mfululizo, asiyenayo anashuka ngazi kila msumari mmoja. Ndege inayoruka juu ya mji inadai data nyingi zilizotawanyika huku na huko, na ukizidisha ukubwa wa mfuko umepunguza kupanda na kushuka.

AMD walilifanyia kazi jambo hili kwa prosesa zenye herufi X3D, ambamo kipande cha ziada cha kache hubandikwa kwenye chipu. Ya kwanza kwa kompyuta za mezani ilikuwa Ryzen 7 5800X3D mwaka 2022, ikiwa na megabaiti 96 za kache ya ngazi ya tatu badala ya 32 za ndugu yake 5800X. Mwaka 2023 ikafuata 7800X3D, kori 8 na megabaiti zilezile 96, na mwishoni mwa 2024 ikaja 9800X3D, ambayo kache imewekwa chini ya kori badala ya juu yake ili joto litoke kwa urahisi.

Nilichukua 7800X3D. Ile mpya zaidi ina kasi zaidi, sibishi, lakini tofauti ya bei niliona ina kazi bora kwenye kadi ya grafiki. Nilipewa pia ushauri wa 7950X3D kwa kuwa ina kori 16. Kwenye hiyo, kori zimegawanywa katika vipande viwili na kache ya ziada iko kwenye kimoja tu, kwa hiyo mfumo lazima uipeleke gemu upande sahihi. Anayehariri video mchana na kucheza usiku ana sababu nzuri ya kuinunua. Mimi sihariri chochote.

Niseme na mwenye ubao mama wa AM4, soketi (tundu la kukalia prosesa) ya AMD ya kizazi kilichotangulia: usikimbilie kubomoa kompyuta nzima. Ile 5800X3D inaingia kwenye mbao nyingi za AM4 baada ya kusasisha BIOS, programu ya ubao inayoiwasha kompyuta, pamoja na RAM yako ileile ya kizazi cha DDR4, nayo ni prosesa ya gemu yenye nguvu mpaka leo. Mimi ubao wangu ulikuwa wa soketi nyingine kabisa, ndiyo maana nikaanza upya na AM5, soketi iliyoifuata AM4. Soketi hiyo ilitoka 2022, na AMD wameahidi kuitegemeza hadi 2027 au zaidi. Ahadi hiyo ilinivuta sana. Nikitaka prosesa mpya baadaye nitabadilisha prosesa peke yake.

Ubao mama nilichagua wa chipseti (chipu ya ubao inayounganisha vifaa) ya B650. X670 inaongeza njia za kuunganishia diski na vifaa, wala haiongezi fremu hata moja. Vitu viwili ndivyo nilivyovikazania: kitufe cha nyuma cha kusasisha BIOS bila prosesa, na nafasi mbili za M.2, zile za diski ndogo bapa zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao.

RAM ilinichukua muda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu AM5 inakubali RAM ya kizazi cha DDR5 tu na ina tabia zake. Nilinunua vijiti viwili vya gigabaiti 16, kasi 6000 (uhamisho wa data kwa mamilioni kila sekunde), CL30, namba ya ucheleweshaji ambayo ikiwa ndogo ni bora. Vinne vingependeza macho, lakini kasi rasmi ya AMD kwa Ryzen 7000 yenye vijiti vinne hushuka kutoka 5200 hadi 3600, kwa hiyo anayetaka gigabaiti 64 anunue viwili vya 32. Kwa simulator, toleo la 2024 linapendekeza gigabaiti 32, nami nikaishia hapo.

Kadi ya grafiki: Radeon RX 7800 XT. Nilitaka gigabaiti 16 za kumbukumbu ya kadi, kwa sababu mandhari ya ardhi inapopakiwa kwa ubora wa juu, gigabaiti 8 hujaa, na zikijaa gemu huanza kugugumia hata kama kadi yenyewe ina nguvu.

Pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, sikutaka kubana matumizi. Kadi hiyo hula hadi wati 263 na prosesa imepewa kiwango cha wati 120, ingawa kwenye gemu hutumia chini sana ya hapo. AMD wanashauri saplai ya wati 700 kwa kadi hiyo, nilichukua 750. Ieleweke kwamba nembo ya 80 PLUS inapima umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haikuambii kama kifaa kina kinga nzuri au kitadumu, kwa hiyo tafuta majaribio ya watu walioifungua na kuipima. Na kebo za saplai ya zamani usizichomeke kwenye mpya hata kama zinaingia vizuri. Upande wa saplai hakuna kanuni moja ya mpangilio wa pini, na waya wa volti 12 unaweza kuangukia mahali pa volti 5. Diski zimekufa kwa njia hiyo.

Diski ni NVMe, aina ya kasi inayokaa kwenye nafasi ya M.2, ya terabaiti 2, sina la kuongeza. Kipozeo ni cha hewa, mnara mmoja na feni moja. 7800X3D haihitaji maji.

Siku ya kufunga, ukubali kwamba soketi ya AM5 inatisha kidogo. Pini 1718 zimo ndani ya ubao, si chini ya prosesa, nazo ni laini kama nywele. Unanyanyua wenzo, unafungua fremu ya chuma ukiacha kile kifuniko cheusi cha plastiki mahali pake, unaitua prosesa pembetatu ikitazama pembetatu, bila kusukuma. Kisha unarudisha fremu na kubana wenzo. Unakuwa mgumu, unasikika ukikwaruza, na kifuniko cha plastiki kinaruka chenyewe. Ndivyo inavyotakiwa. Kifuniko hicho kihifadhi, utakihitaji ukiupeleka ubao kwenye dhamana. Vijiti viwili vya RAM vinakaa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Ukiiwasha mara ya kwanza, skrini itabaki nyeusi. Feni zinazunguka, taa ya RAM kwenye ubao inawaka, hakuna picha. Ubao unaizoea RAM, na huweza kuchukua dakika kadhaa. Usizime umeme, wala usianze kuchomoa vijiti. Subiri.

Niliingia BIOS na kuisasisha kwanza, halafu ndipo nikawasha EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyouzwa nayo. Mpangilio huo una sababu. Mwaka 2023 prosesa kadhaa za X3D ziliungua kwenye soketi kutokana na volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) kupita kiasi, na suluhisho lilikuwa BIOS mpya zinazoweka kikomo cha volti 1.3. Bila EXPO vijiti vyangu vilikuwa vinakwenda 4800, na watu wengi huishi na kasi hiyo miaka bila kujua. Vilevile Windows ilikuwa imeiweka skrini yangu kwenye Hz 60, yaani kubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, ilhali ni ya Hz 144. Hilo hubadilishwa kwenye mipangilio ya juu ya skrini. Na kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi ya grafiki, kwa maana Ryzen 7000 zina grafiki ndogo ya ndani na picha itatokea hata ukikosea tundu.

Niliporudi juu ya mji uleule na kufungua kile kisanduku, sasa kilitaja kadi ya grafiki kuwa ndiyo inayozuia. Kizuizi cha namna hiyo nakipenda, kwa sababu dawa yake iko kwenye mipangilio. Nilishusha mawingu ngazi moja, nikapandisha idadi ya magari na ndege za uwanjani, kazi ambazo ni za prosesa, na kutua kukawa laini hadi magurudumu yanagusa lami.