Ini la sato siyo la kutupia tu kwenye friza

Jamani tuongee kuhusu hizi sampuli za tishu tunazogandisha, maana huku Mwanza mtu anachukua ini la sato pale mwaloni, analitupia kwenye friza ya kawaida akiamini limeshahifadhika, halafu akija kuliangalia kwenye hadubini seli zote zina matundu matundu. Hayo matundu ni barafu. Tishu ikiganda polepole, maji yaliyomo yanatengeneza chembe kubwa za barafu zinazochana seli, na ikishafika hapo hakuna rangi ya kupaka seli itakayokuokoa.

Kwa hiyo gandisha fasta. Kata kipande kidogo, kifyonze maji ya juu na karatasi taratibu, kizamishe kwenye jeli ya OCT (inayoishika tishu ikiganda ili ikatike vizuri) ndani ya kichombo chake, kisha shusha kwenye isopenteni (kimiminika kisichoganda kirahisi) iliyopozwa kwa naitrojeni kimiminika (naitrojeni yenyewe iko nyuzi -196 za Selsiasi, ila ukitumbukiza tishu moja kwa moja inachemka na kuizungushia utando wa gesi, kuganda kunachelewa). Jeli ikiwa nyeupe kabisa, funga kwenye foili, tia kwenye mfuko usiopitisha hewa maana friza inakausha sana, lebo andika kwa penseli, weka -80.

Friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe usiziguse, joto lake linapanda na kushuka kila mara. Na umeme ukikatika mlango usifunguliwe kabisa! Siku ya kukata, hamishia kwanza tishu kwenye kraiostati (mashine yenye baridi inayokata tishu vipande vyembamba vya hadubini), kama -20 hivi, ikae hata nusu saa, ukiikata bado ina baridi ya -80 inapasuka pasuka.