Siku moja maishani mwangu: kinyozi wa Kirumba na nusu wembe

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua saluni. Tuko Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo harufu ya dagaa huwa imeshaingia kabla yangu. Nafagia, nachomeka mashine kwenye chaji, naweka spiriti na pamba mezani. Nyembe siziandai mapema, nazivunja mbele ya mteja. Wembe wa dukani una makali pande mbili; naukunja ukiwa bado ndani ya karatasi yake, unalia "tak", unakuwa vipande viwili. Kimoja kinaingia kwenye kishikio cha kukunja, kinanyoa mtu mmoja, kinaishia kwenye chupa tupu ya maji pale chini. Wapo wasioamini hata ile nusu iliyobaki kwenye karatasi, wanataka wauone mzima. Basi navunja mwingine. Siwalaumu.

Saa 1 hadi saa 4 ni wavuvi. Wiki hii ni mbalamwezi, taa za dagaa hazifui dafu, mitumbwi imelala ufukweni na wenyewe wanakumbuka kwamba wana vichwa. Vipara vinane, ndevu tatu, hadithi moja ya injini iliyoibwa Ukerewe ambayo kila mmoja aliisimulia kivyake.

Saa 5 umeme ukakatika, feni ikasimama, na ndipo akaingia yeye.

Ni baba wa makamo, shati limepigwa pasi, kikasha kidogo mkononi.

"Mwangaluka, kijana."

"Mwangaluka, baba. Karibu ukae."

"Leo huninyoi na hivyo vinyembe vyako vya kukatia kucha." Akafungua kikasha. Wembe wa kukunja, ule wenyewe wa zamani, mpini mweusi, chuma kinang'aa mpaka nikajiona pua. "Mdogo wangu kaniletea kutoka Ujerumani. Soma hapo."

Nikasoma: Solingen, mji wao wa visu na nyembe. Jina hilo linalindwa na sheria ya Wajerumani tangu 1938, haliruhusiwi kupigwa kwenye chuma cha mahali pengine, kwa hiyo kama mhuri ni wa kweli, chuma ni kizuri. Kuhusu chuma sikubisha. Nilibishia makali.

"Baba, huu haujanolewa."

"Ni mpya! Kitu kipya kinanolewa nini?"

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wembe wa zamani unaweza kutoka kiwandani una makali ya kukata karatasi lakini si ya kugusa shavu. Unataka kinoo, tena mawe zaidi ya moja, la kukwaruza kwanza, la laini mwisho. Kisha unataka mkanda wa ngozi, na huo ni kila unaponyoa, si mara moja kwa mwaka. Kwenye jiwe makali yanatangulia. Kwenye mkanda mgongo ndio unatangulia, ukikosea unachana ngozi ya watu. Nayajua haya kwa sababu mzee aliyenifundisha kazi alinyoa hivyo miaka mingi, wembe mmoja, kikombe kimoja cha maji, shavu hadi shavu. Ukinolewa vizuri, aliniambia, usiusukume, uzito wake unatosha kufanya kazi. Na kweli niliwahi kuushika ukiwa hivyo. Unateleza kama mtu anakupangusa.

Wembe huo mzee aliuacha mwenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana Kagera mwaka 1983, ng'ambo tu ya ziwa hili, na hofu ilipofika kwetu wateja wakaanza kuja na nyembe zao kwenye mfuko wa shati. Siku hizi ukiniuliza mimi, naogopa zaidi homa ya ini: virusi vya aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Kufuta chuma kwa pamba ya spiriti kisha kumpelekea mteja mwingine ni kumdanganya. Kwa hiyo nusu wembe ninayoitupa si ubahili wangu wala uvivu wa kunoa.

Na wala si kazi rahisi, kama baba huyu alivyodhani. Kipande kile ni chembamba kama unene wa karatasi, chepesi, hakina uzito wa kukusaidia, na kiko tayari kukata toka sekunde ya kwanza. Ukikandamiza kidogo tu, damu. Mkono unabeba kila kitu: ngozi unaivuta kwa kidole, wembe unaulaza karibu na ngozi, unafuata nywele zinakolala. Nywele zetu zimejikunja. Ukizinyoa kinyume mpaka ziishe kabisa, zikirudi zinajichoma kwenye ngozi, vipele shingo nzima. Mteja anataka ing'ae. Mimi nataka arudi wiki ijayo na shingo yake.

Nikamwambia yote haya, kwa heshima. Akanijibu: "Nyoa."

Povu, taulo ya maji ya moto, nikauweka Mjerumani shavuni. Haukukata. Ulivuta. Baba akakaza meno, machozi yakamlenga, lakini hakusema kitu kwa sababu benchi lilikuwa limejaa wavuvi wanatazama. Kushuka kwenye taya akatikisika, tone la damu likatokea kwenye povu. Mmoja kule benchini akacheka, akajifanya anakohoa.

"Baba, nimalizie na changu?"

Kimya. Kisha akafumba macho, ambayo ni ruhusa. Tak. Dakika tano, shavu la pili na shingo, akajipapasa kwenye kioo muda mrefu.

Nikamwambia buku mbili.

"Elfu mbili za nini? Si nimekuja na wembe wangu?"

Nilicheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Tulibishana mpaka povu likakauka kwenye brashi. Mwisho akakifunga kikasha, akaniwekea mezani. "Unoe basi, kama unajua. Nakuja Ijumaa, tutamalizana yote."

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Umeme ulirudi, sijui saa 9, sijui saa 10. Mwanafunzi alitaka O kama ya mchezaji fulani, ndevu zenyewe kumi na mbili. Mama kaleta mapacha, mmoja analia, mwingine analia kwa sababu mwenzake analia. Kiuno kikaanza, miguu ikafuata. Nilikula mihogo nikiwa nimesimama.

Jioni, kufunga, nahesabu nusu za nyembe kwenye chupa nikilinganisha na pesa, ndiyo daftari langu. Nusu 27. Pesa za watu 26.

Saa 4 usiku nimekaa sebuleni na kinoo, mkanda wa yule mzee wangu nimeufunga kwenye kitasa cha mlango. Nimeng'oa unywele mmoja kichwani kwa binti yangu aliyelala, nikaushika hewani, nikaugusisha makali. Ukajikunja tu, haukukatika.

Nikarudi kwenye jiwe. Mke wangu akauliza kutoka chumbani taa inazimwa lini.