Mama wa Kariakoo, katoni tatu na neno "take"

Siku moja kabla ya kupakia kontena hapa Yiwu, China, nilikuta katoni tatu za vibanio vya nywele zimetengwa kando ya mlango wa ghala, zimebandikwa karatasi nyekundu. Nikamuuliza mtunza ghala, akasema ndivyo ofisi ilivyoagiza. Ofisi yetu ina watu wanne, na mimi sikuwa nimeagiza kitu. Hata sijatoka pale, simu ikaita. Mama wa Kariakoo, mteja wetu.

"Mwanangu, nimeona invoisi. Katoni 60 zimekuwa 57 na bei ya katoni ni ileile. Mnanifanyia nini huko?"

Nilimwomba dakika kumi. Nikarudi ofisini nikafungua grupu letu la WeChat. Mama huandika Kiingereza humo kwa ajili ya yule dada wa Kichina wa hesabu pale ofisini, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye "mambo" na "poa". Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: "Take off 5% I take."

Aliyezoea Kariakoo anauelewa huo bila nukta wala mkato: pigeni panga asilimia 5, mzigo nachukua. Dada aliusoma kama ulivyoandikwa. Ondoa asilimia 5, nachukua. Asilimia 5 ya 60 ni 3, akaondoa 3. Hesabu yake haikuwa na dosari hata chembe.

Kwa asiyeijua Yiwu: ni mji wa mkoa wa Zhejiang, mashariki mwa China, na soko lake lina vibanda kama 75,000. Unaweza kumaliza asubuhi nzima kwenye ujia mmoja ukiangalia vifungo vya mashati tu. Mzigo hushushwa mpaka bandari ya Ningbo, ndipo uanze safari ya baharini kwenda Dar au Mombasa. Miaka yangu yote hapa kazi imekuwa hiyo: kukagua, kuhesabu, kupakia, na kusikiliza wateja wakilalamika kwa lugha nne.

Sasa msije mkasema huyu dada hajui Kiingereza. Wachina wa rika lake walianza kukisoma darasa la tatu. Kwenye gaokao, ule mtihani wa mwezi wa sita unaomwingiza mtu chuo kikuu, Kiingereza kina alama 150 kati ya 750, sawa na hisabati. Chuoni akafanya tena mtihani wa Kiingereza wanaouita siji na kuvuka 425 kati ya 710, alama ambayo waajiri wengi huiangalia. Mimi mitihani ya namna hiyo ingenitoa jasho. WeChat ina kitufe cha kutafsiri, lakini kukibonyeza mbele yangu kwake ni kama kuonekana unaibia.

Tatizo lilikuwa kwenye bei, na hapo naye angeweza kunicheka mimi. Mwaka wangu wa kwanza niliona duka la viatu limeandika punguzo la "8 zhé". Nikajua ni asilimia 80! Nikakamata jozi tatu, moyo unanidunda, nikafika kwa keshia nikasomewa bei nikadhani mashine imeharibika. Kumbe Wachina huhesabu kile unacholipa, siyo kile unachosamehewa. 8 zhé maana yake unalipa asilimia 80. Nilirudisha jozi mbili. Kwa hiyo Mchina akitaka kupunguziwa asilimia 5 atasema nipe 9.5 zhé, na kichwani mwa dada yetu, asilimia 5 ya "kuondoa" haikuwa na pa kukaa ila kwenye katoni.

Mchana alileta chakula chake mezani kwangu, akaniita "gē" kama kawaida, yaani kaka, kisha akauliza kwa uso wa mtu aliyeonewa: gē, hili neno lina maana ngapi? Shuleni aliandika daftarini "take" na mbele yake "ná", kushika au kuchukua kwa mkono. Alitaka nimpe idadi, azikariri zote, yaishe.

Nikachukua lebo ya katoni, nikaigeuza nyuma, nikapiga mistari miwili. Kiingereza, Kiswahili, Kichina.

Tukaanza na dawa. Mwingereza ana"take" dawa, kama anaipokea tu. Mchina anasema chī yào, anakula dawa, hata ikiwa ni ya maji. Mimi nakunywa dawa, hata ikiwa ni kidonge kikubwa kama kifungo cha koti. Dada akacheka mpaka akaweka vijiti chini. Unakunywaje kidonge? Nikamwambia kama unavyotafuna sharubati ya kikohozi. Tukakubaliana kwamba kwenye jambo hili hakuna mwenye akili timamu.

Basi: Mwingereza "take", mimi napanda, wao zuò, wanakaa. Somo: Mwingereza "take", mimi nasoma, na safari hii wao ndio wanaopanda, shàng kè. Kuoga hatukukaa nako sana. Joto la mgonjwa, mimi na yeye tulikuwa kitu kimoja: tunapima. Tulipofika kwenye picha akaandika pāi, halafu akanionyesha kwa kunipigapiga begani na kiganja. Hiyo ndiyo pāi. Nikaruka kwenye kiti. Dada, na sisi tunapiga picha!

Hapo ndipo mchana wetu ulipoharibika, maana tuliacha kabisa Kiingereza. Nikamwambia kwetu neno linalobeba kila mzigo ni piga. Akaniuliza: simu je? Tunapiga. Wao dǎ diànhuà, nao wanapiga. Ngoma? Dǎ. Chafya? Dǎ. Miayo? Dǎ! Sikuamini. Nimekaa huku miaka yote hiyo nikipambana na toni za Kichina, hakuna mwalimu aliyenidokezea kwamba Mchina na Mswahili wote wanapiga chafya na wanapiga miayo, wakati Mwingereza masikini chafya inamtoka tu. Nadhani wanaotufundisha lugha hii kwa kupitia Kiingereza wanatupitisha njia ya mzunguko.

Haikwenda hivyo mpaka mwisho, bila shaka. Mwamvuli wao wanaupiga, sisi tunaufungua. Teksi wanaipiga, dǎ chē, na hapo ndipo Mwingereza anaporudi na "take" yake. Sisi tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga magoti, tunapiga mswaki. Dada meno anayasugua. Lakini alikuwa ameshapata alichokitafuta. Nikamuuliza: dǎ ina maana ngapi? Akafungua mdomo, akaufunga. Akasema inategemea inapigwa nini. Basi na "take" ni hivyohivyo, muulize mwenzake aliyefuatana naye. Akiwa peke yake haongei.

Kuna mahali alinishinda, niseme ukweli. Wana neno moja, huā, linalotumika kwa kutumia pesa na kutumia muda pia, kwa hiyo walimu wao huwakomaza watoto kutenganisha maneno manne ya Kiingereza: "spend" mtu, "cost" kitu, "pay" mtu tena, na "take" kwa muda, sentensi ianze na "it". Alinisomea kanuni hiyo kama mtoto wa madrasa anavyosoma alifu kwa kijiti, hakukosea. Ndiyo maana mteja akiuliza meli itachukua siku ngapi, jibu la huyu dada huwa limenyooka kuliko langu. Na sisi nadhani hiyo "itachukua siku" tumeiokota kwa Waingereza. Marehemu babu yangu, Tanga, alikuwa akisema safari ni ya siku tatu, basi.

Ikabaki Mama. Katoni tatu tulizirudisha kwenye mzigo jioni hiyohiyo, punguzo lake likaandikwa upya, invoisi ikasomeka 60. Bosi akauliza kwenye grupu la ofisi nani alitoa agizo. Kabla sijaandika chochote dada akajibu "wǒ bēi guō", nabeba sufuria mgongoni, yaani lawama ni yangu. Nikamwambia kwetu angesema ameangushiwa jumba bovu. Akafikiri kidogo, akasema sufuria ni nafuu.

Mama naye alipoa. Wiki hii ameandika tena grupuni, kwamba binti yake anakuja Jumapili kuchagua mzigo wa sikukuu. "Take care of her, she takes after me."

Dada akaja mbio na simu mkononi. La kwanza, la kumtunza binti, alilielewa, hilo wanalifundisha. La pili lilimtia wasiwasi.

"Gē, huyu binti anachukua nini baada ya mama yake? Nimtengee katoni?"

Nikamwambia asiguse katoni yoyote, binti kafanana na mama yake tu. Aende stesheni Jumapili, asimame pale abiria wanapotokea, na atakayemsikia anabishana bei na dereva wa teksi kabla hajaweka begi chini, ndiye.