Kurasa Nne za Mwisho

Wapendwa katika Bwana, juma hili mswada wangu wa hadithi ya watoto umerudi kutoka kwa mhariri, na maneno aliyoyaandika pembeni yamenikosesha usingizi: "Hadithi imeishia ukurasa wa 28. Zilizobaki ni somo." Kitabu cha picha kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16, nami nilikuwa nimetenga nne za mwisho ili niwaeleze watoto walichopaswa kujifunza. Baada ya miaka 31 ya kushika chaki, niliamini kwamba hizo nne ndizo zilizobeba thamani ya kitabu kizima.

Umri haunisumbui. Zaburi ya 92 imekwisha kusema kwamba watazaa matunda hata wakati wa uzee, na Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao. Kinachonielemea ni kalamu nyekundu ya kazi ya zamani, ambayo nimeingia nayo katika wito huu mpya.

Jumatano jioni nilikunja karatasi, nikachora picha kwa penseli, nikamsomea mjukuu wangu wa miaka sita hadithi hiyo ya msichana aliyevunja bakuli la bibi yake na kuvificha vigae chini ya kitanda. Alisikiliza akiwa ameushika mkono wa shati langu. Nilipofika kwenye "Watoto wapendwa, hadithi hii inatufundisha", aliuachia, akarudisha kurasa mwenyewe hadi pale bibi anaposimama mlangoni akiwa na kigae kimoja kiganjani, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Bibi alijua tangu mwanzo?" Sikuweza kumjibu, kwa maana alikuwa amekwisha kufika mahali ambapo kurasa zangu nne zisingemfikisha.

Usiku ule nilirudi kwenye Luka 15, kwenye mfano wa mwana mpotevu. Kaka mkubwa yuko nje, nyimbo zinasikika ndani, baba ametoka kumsihi, na Bwana wetu ananyamaza hapo hapo. Hatuambiwi kama aliingia. Mafarisayo waliokuwa wakinung'unika waliachiwa swali hilo waende nalo nyumbani.

Ndugu zangu walimu, wazazi, nanyi mnaofundisha watoto kila Jumapili, niruhusuni niseme kwa ukali ninaoanza nao mimi mwenyewe. Wale wanafunzi wa Marko 10 walipowakemea waliowaleta watoto, bila shaka walidhani wanamlinda Bwana, na sisi tunaposimama kati ya mtoto na hadithi tukimfafanulia kila jambo kabla hajalionja, tunadhani tunalilinda funzo. Tumezoea mno kujibiwa "Ndiyo, mwalimu", tukaliita jibu hilo ufahamu. Tunaogopa kumwachia mtoto ukimya, kana kwamba Roho aliyetufundisha sisi hawezi kumfundisha yeye bila maelezo yetu. Mwaminini Mungu aliye ndani ya mtoto huyo! Mwacheni aulize, mwacheni akae na swali lake hata siku tatu.

Najua wengine watanitajia Habakuki 2, "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana", kwa kuwa hata mimi nilijitetea kwa andiko hilo. Lakini linaendelea kusema "ili aisomaye apate kusoma kama maji", na maji hayasimami njiani ili yajieleze. Basi nimeanza kusahihisha upya: palipokuwa na "msichana alijawa na majuto makubwa moyoni mwake" sasa pana "msichana hakugusa chakula chake."

Zile kurasa nne nimeziondoa. Katika nafasi yake, bibi na mjukuu wanapiga magoti na kuvikusanya vigae, na ukurasa wa 32 nimeuacha bila neno, kwa ajili ya mchoraji. Niombeeni, kwa maana Jumatatu ninaurudisha mswada, na mpaka sasa mkono wangu ungali unataka kuongeza sentensi moja.