Namna ninavyosahihisha Kiswahili cha wateja bila kumvunjia mtu heshima

Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga mjini. Nachapa barua, natoa kopi za vyeti, natengeneza kadi za harusi na matangazo ya misiba, na ikija kazi ya bango naipokea kisha naipeleka kwa wenye mashine kubwa. Kwa hiyo maandishi ya watu yanapita kwangu kabla hayajabandikwa ukutani au kusomwa mahakamani, na makosa yao pia yanapita kwangu. Kwa muda mrefu yalininyima raha. Ukimrekebisha mtu anaona umemdharau. Ukinyamaza, bango linatundikwa barabarani na kosa lake, na watu wanaulizana limechapwa wapi.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Mtu wa Tanga anajua Kiswahili ni cha kwao. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, nje kidogo ya mji, mwaka 1909, na kaburi lake liko Machui. Hata asiyewahi kusoma shairi lake moja atakutajia jina hilo ukigusa herufi yake. Nawaelewa kabisa. Lugha aliyokulia mtu si kitu cha kurekebishwa ovyo mbele ya foleni ya watu wanaosubiri kopi.

Kilichonisaidia kwanza ni kuacha kusema "hapa umekosea". Nikimaliza kuchapa, namsomea mwenye kazi yake kwa sauti, taratibu, na nikifika penye utata nauliza maana. Siulizi kama ameandika sawa. Nauliza alitaka kusema nini. Mama mmoja alileta mwaliko wa harusi ya binti yake, umeandikwa kwa mkono, mwandiko mzuri sana. Chini ya tarehe palikuwa na neno "Mahari", kisha jina la ukumbi na saa.

"Mama, nisaidie hapa," nikamwambia. "Ni mahali watakapokutana wageni, au ni mahari ya binti?"

Akaiinamia karatasi. "Toba! Mahari ilishatoka zamani, mwanangu. Weka mahali."

Tukaendelea. Mstari wa chini ulikuwa na "kalamu ya harusi", na hapo aliliona mwenyewe kabla sijasoma, akasema ni karamu, ya chakula. Nikatengeneza, akachukua kadi zake, na tangu hapo amekuwa akiniletea ndugu zake wenye shughuli.

R na l zinastahili subira kuliko makosa mengine yote. Lugha nyingi za Kibantu hazizitenganishi sauti hizi mbili, kwa hiyo mtu aliyeanza kusema kwa lugha ya nyumbani kwao anaweza kuandika "lafiki" na "kula" badala ya kura bila sikio lake kumwonya. Hapo kusoma kwa sauti peke yake hakutoshi, maana kwake yote ni sauti moja. Lazima umwekee vitu viwili mbele yake, mahali na mahari, achague.

Kundi la pili lilinipa kazi zaidi: th, dh, s na z. Fundi seremala alitaka bango la duka lake jipya, "Karibu kwa thamani za ndani za kisasa". Nikamuuliza anauza nini. Vitanda, makabati, meza za chakula. Nikamwambia hivyo vyote ni samani, thamani ni ukubwa wa bei au ubora wa kitu. Hakukubali. Akanitajia maduka aliyoyaona yameandika hivyo hivyo, na kweli yapo. Hapo kumbishia hakungefika popote, kwa hiyo nikachukua karatasi nikamwandikia ndugu wa kila neno: thamani, kuthamini, tathmini. Kisha dhamana, kudhamini, mdhamini. Kisha zamani, ambayo haina ndugu hapo hata mmoja. Nikamwomba anionyeshe kabati linaingia katika familia ipi. Akaitazama ile karatasi kwa muda, akasema, "Basi andika samani, lakini herufi ziwe kubwa." Bango lilikuwa kubwa na gharama yake si ndogo, na likishatoka mashineni halifutiki.

Karatasi ile niliibakiza. Baadaye nikaichapa vizuri na kuibandika ukutani, upande wa mteja, nayo imekuwa ikiongezeka. Njia hii ya kutafuta ndugu wa neno ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote, kwa sababu maneno yenye th, dh na gh karibu yote yametoka Kiarabu, na mtu asiyejua Kiarabu hana namna ya kukisia herufi. Lakini akilijua neno moja la ukoo, anayapata mengine. Anayejua kuandika "adhimu" hatakosea "kuadhimisha" wala "maadhimisho". Anayejua "Azimio la Arusha" la 1967 anajua kuwa azimio ni jambo watu walilokata shauri kulifanya, na hataandika "maazimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu". Vikundi vya akina mama huniletea kazi za namna hiyo mara nyingi, za fulana na kanga za sherehe, na sasa wenyeviti wao huja wakaangalia ukutani kwanza.

Herufi h nayo ina kanuni yake, ila nilichelewa kupata njia nyepesi ya kuieleza. Watu wanaandika "hasipokuja", "hasiyelipa", "hasiyehusika". Kanuni ni kwamba ha- ya kukanusha na -si- ya kukanusha hazikai katika kitenzi kimoja: ama hajalipa, ama asiyelipa. Ukimweleza mtu hivyo anakodoa macho. Siku hizi namuuliza tu swali: sisi tukichelewa, utasema "tusipokuja" au "hatusipokuja"? Hakuna anayesema hatusipokuja. Basi na yeye ni "asipokuja". Kijana wa bodaboda niliyemuuliza hivyo alirudi na wenzake wawili kuwauliza swali lile lile mbele yangu. H hiyo hiyo ndiyo inayogeuza "ili" kuwa "hili", kama katika "tunaomba mchango wenu hili tukamilishe ujenzi", na hapo nauliza: hili, jambo gani? Anayeuliza maana hapati ubishi.

Kazi iliyonithibitishia kwamba herufi moja inaweza kuvuruga nyumba ililetwa na ndugu watatu. Walikuwa na rasimu ya muhtasari wa kikao cha familia, wa kupeleka Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi ya baba yao. Kaka mkubwa alikuwa akisoma, mimi nachapa. Tukafika kwenye sentensi hii: "Sisi watoto wa marehemu tumeridhi nyumba iliyopo Makorora." Nikaondoa vidole kwenye kibodi.

"Kaka, hapa ni mmerithi au mmeridhia?"

"Si ndilo hilo hilo."

"Hapana, kaka. Mkisema mmerithi, nyumba ni yenu, kila mmoja na fungu lake. Mkisema mmeridhia, mmekubaliana jambo fulani kuhusu nyumba, na jambo lenyewe hamjaliandika."

Dada yao, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje, akasimama mlangoni. "Kaka, siku ile tulikubaliana mama abaki humo. Hatukugawana nyumba. Kugawana hatujafika."

Kaka akanyamaza, akasoma tena rasimu yake, kisha akasema, "Kweli. Andika hivyo alivyosema." Ikawa: "Sisi watoto wa marehemu tumeridhia mama yetu aendelee kuishi katika nyumba iliyopo Makorora." Mistari miwili chini yake palikuwa na kosa la upande wa pili, "tumemrithi ndugu yetu awe msimamizi wa mirathi", na hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa warithi; kumridhia mtu kwa kazi hiyo hakumpi mali. Karatasi ya namna ile ingefika mahakamani na herufi zake mbili zilizobadilishana nafasi, sijui wangeanza kuulizana lini nani alisema nini kikaoni.

Kwenye ukuta wangu familia ya kurithi, mrithi, urithi na mirathi iko safu moja na familia ya kuridhi, radhi, ridhaa na kuridhisha, na nimezipa mwandiko mkubwa kuliko nyingine.

Yapo makosa nisiyoulizia mtu. "Kwasababu" nalitenganisha liwe kwa sababu. "Ambae" na "nae" naziwekea y yake. "Masaa mawili" inakuwa saa mbili kama ni tangazo, na nikiona inaweza kuchanganya na saa mbili ya kwenye ukuta, naandika "muda wa saa mbili". "Nyimbo hii" inakuwa wimbo huu. "Katika ukumbini" naondoa katika, au naondoa -ni. Barua ya malalamiko kwa serikali ya mtaa kuhusu baiskeli iliyoibwa (na kwa mji wenye baiskeli kama huu, ni barua ninayoichapa mara kwa mara) itakuja na "kijana ambaye aliyechukua baiskeli yangu". Virejeshi viwili, ambaye na -ye-, kwa kazi moja. Nabakisha "aliyechukua", sentensi inakuwa fupi, mwenyewe akisomewa anaona imekaa vizuri na hana swali. Haya hayagusi maana, na kumsimamisha mtu kwa kila moja ni kumchosha bure.

Na yapo nisiyoyagusa, na hapa nina msimamo. Mzee mmoja wa upande wa Tongoni aliniandikisha barua ya kuombea nafasi ya shule, akasema, "Mjukuu wangu yuwasoma vizuri." Kijana aliyekuwa akisubiri kopi akataka kumsahihisha. Nikamzuia. Nikamwandikia mzee yuwasoma yake kama alivyoitamka. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na lahaja iliyoshindana nayo ilikuwa Kimvita, ya Mombasa. Kama Kimvita kingechaguliwa, watoto wangefundishwa yuwasoma darasani. Maneno ya wazee wa mwambao yana umri mkubwa kuliko kanuni tunazozitumia kuyapima. Msemo wetu wenyewe, "waja leo waondoka leo", ungepoteza ladha yote ukiandikwa "unakuja leo unaondoka leo", na hakuna Mtanga atakayekubali. Vivyo hivyo arusi na harusi, zote ni sawa, namwachia mwenye sherehe. Hata "familia inayo furaha kukualika" ya kwenye kadi naiacha, ilimradi inayo na furaha zisishikanishwe. Imekuwa lugha ya kadi, na watu wanaipenda hivyo.

Kinachonipa shida sasa hakitoki kwa mama wa kadi wala kwa fundi. Kinatoka kwenye vikao na kwenye taarifa. Wanafunzi wa vyuo wananiletea ripoti zilizojaa "mwisho wa siku" mahali pa hatimaye, "kuwakilisha mada" mahali pa kuwasilisha, na "hali iliyopelekea ajali". Kuwakilisha na kuwasilisha nazitatua kwa urahisi: mwakilishi anasimama badala ya mtu, mwasilishaji analeta kitu mbele ya watu. Kupelekea ni ngumu kwa sababu wanaisikia kutoka kwa wanaowaheshimu. Nampelekea mama chakula, nampelekea rafiki salamu. Hali haimpelekei mtu ajali, inaisababisha. Nalisema hilo kwa moyo wote, na mara nyingi nashindwa.

Juzi kijana alileta ripoti ya mafunzo kwa vitendo kuhusu vijana na ulevi. Kila ukurasa una "madawa ya kulevya". Nikamfungulia jina la chombo chenyewe cha serikali, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nikamwonyesha kuwa wao wenyewe wanaandika dawa. Akashangaa, akaomba nibadilishe kote, nikabadilisha. Tukafika "sababu zilizopelekea vijana kuingia". Akasema hapana, bosi, hiyo iache, hata msimamizi wangu anaandika hivyo. Nikaiacha, ripoti ni yake na jina lake ndilo lililo juu. Ila kwenye ukurasa wa utangulizi, ambao alisema atausoma kwa sauti mbele ya watu, alikubali tuweke "sababu zinazowafanya vijana waingie", akaurudia mara mbili kimya kimya akisogeza midomo, kisha akaniambia nichape nakala tatu.